Nchi inayouza mbuzi na kuagiza mbuzi: Vichekesho vya kale vya Hollywood na waandishi wasiotajwa

KUNA nchi inaitwa Klopstokia. Bidhaa zake kuu za kuuza nje ni mbuzi na njugu. Bidhaa zake kuu za kuagiza kutoka nje ni mbuzi na njugu. Na wakazi wake wakuu, ukiuliza, ni mbuzi na njugu.

Mfanyabiashara aliyezoea kujaza fomu za forodha mpakani ataona mara moja kwamba hesabu ya nchi hii haina faida. Inatoa ilichonacho ili ipate kile kile ilichotoa. Hapo ndipo kicheko kilipo. Tena kwa Kiingereza neno la njugu hutumika pia kwa watu waliorukwa na akili, hivyo mtazamaji anaonywa mapema aina ya serikali atakayokutana nayo.

Klopstokia haimo katika ramani yoyote. Imo katika maandishi ya mwanzo ya Million Dollar Legs, yaani Miguu ya Dola Milioni, filamu ya vichekesho iliyotolewa na kampuni ya Paramount ya Marekani Julai 1932. Inachukua muda wa saa moja na dakika chache tu. Haikuvuma ilipotoka, na hadi leo watu wengi wanaojiita wapenzi wa sinema hawajaiona.

Vichekesho vya kale vya Hollywood hukumbukwa kwa nyuso za waigizaji: kofia na fimbo ya Charlie Chaplin, uso usiocheka wa Buster Keaton, ugomvi usiokwisha wa Laurel na Hardy. Waliokaa chumbani kuandika hawakumbukwi. Lakini sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, kicheko kilihama kutoka miguuni kwenda mdomoni, na maneno yaliyotoka katika midomo hiyo yalikuwa kazi ya mtu fulani aliyelipwa kwa wiki.

Hazina tupu

Kisa chenyewe ni chepesi. Muuza brashi wa Kimarekani, Migg Tweeny, anapita Klopstokia akiwa safarini na tajiri yake. Anakutana na binti wa Rais, aitwaye Angela, na kumpenda papo hapo. Anaambiwa kuwa wanawake wote wa nchi ile wanaitwa Angela na wanaume wote wanaitwa George. Anapotaka kujua sababu, anaulizwa kwa nini isiwe hivyo.

Rais, anayeigizwa na W. C. Fields, ana matatizo mawili. Hazina haina fedha, na baraza lake la mawaziri linapanga kumpindua. Anabaki madarakani kwa sababu moja tu: nchini humo urais huamuliwa kwa kushindana nguvu za mkono mezani, na hakuna waziri anayemweza. Waziri wa Fedha hujaribu kila mara, na kila mara hushindwa.

Muuza brashi ndiye anayeleta wazo. Ameona kwamba kila raia wa Klopstokia anakimbia, anaruka na kunyanyua mizigo kuliko binadamu wa kawaida. Kwa nini wasiende kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Los Angeles, na tajiri wake wa brashi akatoa fedha za kuokoa hazina? Mawaziri nao wanajibu kwa kumtuma mpelelezi wa kike anayejulikana kuwa hakuna mwanamume anayeweza kumkataa, awagombanishe wanamichezo.

Olimpiki hiyo ilikuwa ya kweli. Ilifunguliwa Los Angeles Julai 30, 1932, wiki chache baada ya filamu kutoka. Dunia ilikuwa imefilisika kiasi kwamba wanamichezo waliofika walikuwa chini ya nusu ya wale waliokwenda Amsterdam mwaka 1928. Nchi maskini inayotegemea miguu ya vijana wake ilipe madeni halikuwa wazo la mbali sana.

Ndugu wawili na mwenzao

Hadithi ya Klopstokia ilitungwa na Joseph L. Mankiewicz, kijana wa miaka 23, mtoto wa wahamiaji kutoka Ujerumani. Kabla ya kufika Hollywood alifanya kazi Berlin, akitafsiri kwa Kiingereza maandishi ya filamu bubu za Kijerumani. Henry Myers na Nick Barrows ndio walioigeuza hadithi hiyo kuwa mswada wa filamu. Aliyesimamia utengenezaji ni kaka yake Joseph, Herman J. Mankiewicz, aliyemzidi kwa zaidi ya miaka 11.

Herman alikuwa mwandishi wa habari na mhakiki wa tamthilia mjini New York kabla ya kuhamia California. Kuna simu ya maandishi aliyompelekea rafiki yake Ben Hecht ambayo imekuwa sehemu ya historia ya Hollywood. Alimwarifu kwamba huku kuna mamilioni ya kuokota na washindani wenyewe ni wajinga, akamwomba asilitangaze jambo hilo. Hecht alikwenda. Baada yake walifuata wengine wengi kutoka magazeti na kumbi za maigizo za New York.

Watu hao walikuja na kitu ambacho studio hazikuwa nacho. Walikuwa wamekaa mahakamani, kwenye mikutano ya wanasiasa na katika vituo vya polisi wakiandika habari. Walijua jinsi waziri anavyozungumza anapodanganya na jinsi tajiri anavyozungumza anapoombwa mkopo. Ndiyo maana serikali ya Klopstokia, pamoja na upuuzi wake wote, inatambulika haraka na yeyote aliyewahi kusubiri sahihi ya ofisa.

Dunia iliyokuwa ikifunga milango

Kicheko cha mbuzi na njugu kina mizizi katika habari za wakati ule. Juni 1930, Rais Herbert Hoover wa Marekani alitia sahihi sheria ya ushuru wa forodha iliyojulikana kwa majina ya wabunge wawili, Smoot na Hawley. Ilipandisha ushuru wa maelfu ya bidhaa kutoka nje kwa nia ya kuwalinda wakulima na wenye viwanda wa Marekani. Nchi nyingine zilijibu kwa kupandisha ushuru wao. Biashara ya dunia, ambayo tayari ilikuwa ikiyumba tangu soko la hisa la New York lilipoporomoka Oktoba 1929, ikazidi kushuka.

Kufikia mwaka 1933, takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Kampuni ya Paramount yenyewe, iliyotengeneza kichekesho kuhusu nchi iliyofilisika, iliwekwa chini ya wafilisi Januari mwaka huo. Walioandika kuhusu hazina tupu walikuwa wakilipwa na hazina iliyokuwa ikikauka.

Katika hali hiyo, nchi za kubuni zilikuwa mahali salama pa kuisema serikali ya kweli. Hakuna balozi wa Klopstokia wa kulalamika.

Muuza njugu na muuza sharubati

Mwaka uliofuata, Novemba 1933, Paramount ilitoa Duck Soup, ya ndugu wanne wa Marx. Leo filamu hii inaheshimiwa sana, lakini wakati ule ilifanya biashara ndogo kuliko ile iliyoitangulia, Horse Feathers. Waandishi wake walikuwa Bert Kalmar na Harry Ruby, washirika wa miaka mingi waliojulikana zaidi kwa kutunga nyimbo, wakisaidiwa katika mazungumzo na Arthur Sheekman na Nat Perrin.

Nchi yao inaitwa Freedonia, nayo pia haina fedha. Mjane tajiri anakubali kuikopesha dola milioni 20 kwa sharti kwamba mtu anayemtaka yeye, Rufus T. Firefly, apewe uongozi. Jirani yao, Sylvania, anawinda nafasi ya kuimeza nchi hiyo na ametuma wapelelezi.

Mmoja wa wapelelezi hao anajificha kwa kuuza njugu barabarani. Kando yake kuna mchuuzi wa sharubati ya limau, mtu halali anayetafuta riziki. Wanachokozana kuhusu nafasi, kisha kofia inaharibiwa, kisha kigari cha njugu, na mwisho miguu mitupu inaingia ndani ya pipa la sharubati huku wateja wakikimbia. Machinga wa Kariakoo au wa Gikomba hahitaji kuelezwa chochote hapo. Matukio hayo yanaendelea huku viongozi wa nchi mbili wakielekea vitani, na kama mtazamaji hajatambua kwamba ugomvi wa ikulu ni ule ule wa barabarani, filamu inamwacha atambue mwenyewe.

Namna vita vinavyoanza inaonyesha kazi ya waandishi. Firefly anamsubiri balozi wa Sylvania ili wapeane mikono na kumaliza tofauti zao. Akiwa anasubiri, anaanza kuwaza: je, balozi akikataa mkono wake? Aibu gani hiyo mbele ya watu wake! Anazidi kujichochea kwa maneno yake mwenyewe hadi balozi anapoingia, hajafungua mdomo, anapigwa kofi. Mikutano mingi ya upatanisho imevunjika kwa mtindo huo, ingawa taarifa rasmi hazisemi hivyo.

Kasoro zisizofichika

Kuzithamini filamu hizi si kuzifumbia macho. Mwaka huo huo wa 1933, Joseph Mankiewicz na Henry Myers waliandika Diplomaniacs kwa ajili ya kampuni ya RKO na wachekeshaji Bert Wheeler na Robert Woolsey. Inaanza vizuri mno. Vinyozi wawili wamefungua duka katika eneo la Wahindi Wekundu, ambako wanaume hawaoti ndevu, na wanashangaa kwa nini wateja hawaji. Kabila hilo, lililotajirika kwa mafuta, linawatuma Geneva kuliwakilisha kwenye mkutano wa amani, ambako wakala wa kampuni ya silaha anahakikisha kwamba amani haipatikani.

Mkutano wa namna hiyo ulikuwapo. Mkutano wa dunia wa kupunguza silaha ulifunguliwa Geneva Februari 1932, na Ujerumani ikajitoa Oktoba 1933. Waandishi waliona mapema kwamba mazungumzo yale yangeishia kwenye hotuba.

Lakini filamu hiyo inawachora wenyeji wa asili wa Marekani kama katuni, na katika kilele chake bomu linalipuka na wajumbe wote wanajikuta wamepakwa rangi nyeusi usoni, wakiimba kwa mtindo wa wazungu waliokuwa wakiwadhihaki watu weusi jukwaani. Mtazamaji wa Afrika Mashariki atanyamaza hapo, na ana haki ya kunyamaza. Kalamu iliyowaona vizuri wafanyabiashara wa silaha haikumwona mtu mweusi hata kidogo. Anayetaka kuzionyesha filamu hizi kwa wengine anapaswa kulisema hilo kabla ya taa kuzimwa.

Wanawake waliotangulia

Kazi ya kuandika vichekesho haikuanza na wanaume wa New York. Anita Loos, aliyezaliwa California mwaka 1888, aliuza mswada wa The New York Hat uliotengenezwa na D. W. Griffith mwaka 1912. Mwaka 1916 aliandika His Picture in the Papers kwa ajili ya Douglas Fairbanks. Ni kisa cha kijana wa familia inayouza vyakula vya wasiokula nyama, ambaye baba yake hampi sehemu ya biashara mpaka picha yake itokee kwenye ukurasa wa mbele wa magazeti. Watu wa leo wanaohangaika kutangaza bidhaa kwa simu watamwelewa kijana huyo.

Loos aliyafanya maandishi ya filamu bubu, ambayo hapo awali yalikuwa ya kueleza tu nani ni nani, yawe yenyewe chanzo cha kicheko. Mwenzake Frances Marion aliandika filamu nyingi zilizomkuza Mary Pickford, na baadaye akapata tuzo mbili za Oscar, kwa The Big House na The Champ. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Oscar ya uandishi.

Vita ya jina

Mbele ya sheria, hata hivyo, waandishi hao hawakuwa waandishi. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilisema kwamba neno hilo linamjumuisha mwajiri pale kazi inapofanywa kwa ajira. Kwa hiyo mmiliki wa maneno alikuwa studio. Mtayarishaji ndiye aliyeamua jina la nani litokee kwenye skrini, na mswada mmoja uliweza kupita mikononi mwa watu kadhaa huku anayetajwa akiwa ni jamaa wa bosi.

Machi 1933, studio zilipotangaza kukata mishahara kwa nusu, subira ya wengi iliisha. Mwezi uliofuata Chama cha Waandishi wa Filamu kiliundwa upya kikiwa na meno. John Howard Lawson alichaguliwa kuwa rais wake na Frances Marion makamu wa rais. Studio zilikipinga kwa miaka kadhaa na kuunga mkono chama pinzani. Mwaka 1938 waandishi walipiga kura chini ya usimamizi wa bodi ya serikali ya mahusiano kazini, na chama chao kikashinda. Mkataba na studio ulipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1940, na moja ya matunda yake ni kwamba mgogoro wa jina ungeamuliwa na waandishi wenyewe.

Herman Mankiewicz, mtu wa dhihaka, hakukipenda chama hicho na hakuficha maoni yake. Kisha zamu yake ikafika. Mwaka 1940 aliandika mswada wa filamu ya Orson Welles, Citizen Kane, kwa mkataba uliosema jina lake lisitajwe. Alipoona alichokiandika, akalitaka jina lake. Alipeleka malalamiko kwenye chama kile kile alichokuwa akikicheka, ingawa baadaye aliyaondoa. Mwishowe alitajwa pamoja na Welles, na wawili hao wakapata Oscar ya uandishi, tuzo pekee ambayo filamu hiyo iliipata kati ya tisa ilizowania.

Mdogo wake Joseph alijifunza mapema zaidi. Akawa mwongozaji wa miswada yake mwenyewe, na kwa A Letter to Three Wives ya mwaka 1949 na All About Eve ya mwaka 1950 alikusanya Oscar nne, mbili za uandishi na mbili za uongozaji. Anayeitazama Klopstokia leo anaitazama kazi ya ujana ya mtu huyo. Henry Myers alipata bahati ndogo zaidi. Alishiriki kuandika Destry Rides Again ya mwaka 1939, filamu inayopendwa hadi sasa, lakini ni wachache wanaolijua jina lake.

Milango inayofunguka

Kwa sheria ya Marekani, filamu za enzi hiyo hulindwa kwa miaka 95. Zile za mwaka 1930 zimekuwa mali ya umma nchini humo tangu Januari 1, 2026. Million Dollar Legs itafuata Januari 1, 2028, na Duck Soup pamoja na Diplomaniacs Januari 1, 2029.

Hiyo ni sheria ya Marekani, na kila nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ina yake. Mwenye nia ya kuzifanyia biashara anapaswa kwanza kuuliza katika ofisi ya hakimiliki ya nchi yake, kama COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya. Anapaswa pia kukumbuka kwamba muziki au tafsiri iliyoongezwa na mtu mwingine inaweza kuwa na mmiliki wake.

Soko la aina hiyo lipo tayari. Katika vibanda umiza vya Tanzania na kumbi za video za Kenya na Uganda, watu wamezoea filamu za kigeni zenye sauti ya msimulizi juu yake. Lufufu alikuwa miongoni mwa waliofungua njia hiyo Tanzania, DJ Afro akajijengea jina Kenya, na wasimulizi wa Kampala wanaifanya kazi hiyo kwa Kiganda. Kanda na diski zao zimevuka mipaka ndani ya mabegi ya wachuuzi kwa miaka mingi. Wasimulizi hawa nao ni waandishi: mzaha unaomchekesha mtu wa Namanga au Busia mara nyingi haukuwamo kwenye filamu ya asili.

Kichekesho kuhusu hazina tupu, baraza la mawaziri lenye njama na nchi mbili zinazogombana kwa hofu ya kunyimwa mkono kitahitaji maelezo machache sana katika lugha hii. Atakayekifasiri ana jambo moja dogo la kufanya kabla kisa hakijaanza. Majina hupita haraka, yakiwa meupe juu ya giza, nayo ni Mankiewicz, Myers, Barrows, Kalmar, Ruby, Sheekman na Perrin. Ayasome kwa sauti, kisha aongeze la kwake.